Nafundisha P.5 hapa Bweyale: nianze Kiarabu cha Juba au Kinuer ili niongee na wazazi?

mwl_bweyale

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri wa wanaojua lugha za huku kaskazini, hasa walimu wenzangu, na Wanubi kama mpo humu.

Mimi ni mwalimu wa P.5, yaani darasa la tano, shule ya msingi Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Kwa asiyepajua, ni kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, ukishapita Kigumba na kabla hujafika Karuma. Makazi ya wakimbizi yako pale pale, kwa hiyo darasa langu lina kila kabila. Kuna Waacholi wa Uganda na Waacholi wa Sudan Kusini, Wanuer, Wadinka, Wabari, Wakuku. Kuna watoto wa Wakenya walioletwa hapa mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi. Kuna Wagisu waliohamishwa kutoka Bududa baada ya maporomoko ya 2010. Na tangu vita vya Khartoum vilipoanza Aprili 2023 tumepokea Wasudan pia, watoto waliozoea kuandika kutoka kulia na sasa wanajifunza kugeuza daftari.

Mimi mwenyewe nimekulia kambi ya polisi Nsambya. Baba alikuwa polisi, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Kiganda nilikipata mtaani, Kiacholi nimekiokota soko la hapa hapa. Wakenya sina shida nao. Waacholi tunaelewana wakiongea taratibu. Shida yangu ni akina mama wa Sudan Kusini, na wao ndio wengi.

Ngoja nieleze inavyokuwa. Mtoto akikosa shule namtuma akamwite mzazi. Anakuja mama, au shangazi, au bibi, maana akina baba wengi walibaki kule au hawapo tena. Mkalimani ni nani? Ni yule yule mtoto. Nasema maneno mengi, mtoto anasema mawili. Mama anaitikia kwa kichwa, ananishika mkono, anashukuru, anaondoka, na mimi sijui ameambiwa nini. Hiyo ni nusu ya shida, tena nusu ndogo.

Nusu kubwa niliiona muhula uliopita. Kuna msichana hodari sana wa hesabu aliyekuwa anapotea kila wiki. Mama yake akaja, mtoto mchanga mgongoni, akakaa ukingoni mwa benchi. Nikauliza kwa nini binti haji. Mama akaeleza kirefu kwa sauti ya chini, huku amemshika binti mkono. Binti akaanza kunitafsiria: "Mama anasema anatoka damu, tangu alipojifungua..." Akanyamaza, akatazama sakafu. Yale yalikuwa maneno ya mwanamke kwa mwanamke, lakini njia pekee ya kunifikia ilipita kinywani mwa mtoto wake. Nikamwambia binti arudi darasani, nikamwita mama mmoja anayepika uji hapo shuleni, anajua Kiarabu, tukakaa watatu chini ya mwembe. Mama alipelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Binti alikuwa anabaki nyumbani kulea mchanga na kusimama foleni siku za mgao, basi. Hapakuwa na utoro wowote.

Tangu siku ile sitaki tena mtoto awe mdomo wa mama yake mbele yangu. Na mpishi wa uji hawezi kuacha sufuria kila nikimhitaji.

Maswali yangu sasa. Kwanza, nikijifunza Kiarabu cha Juba, kile cha sokoni cha Sudan Kusini, nitawafikia wengi, au niingie Kinuer moja kwa moja kwa kuwa Wanuer ndio wengi darasani? Pili, nitajifunzia wapi? Vitabu nilivyoviona Kampala ni vya Kiarabu cha Kurani, na nikikijaribu hapa akina mama wananitazama tu. Tatu, na hili linanikosesha amani: nasikia wapo wanaokichukia Kiarabu kwa sababu ni lugha ya waliowatawala kutoka Khartoum. Sitaki kumfikia mtu kwa lugha inayomuumiza.

Utaalamu sitafuti. Nataka nikae na mzazi, nimweleze mtoto wake anaendeleaje, na nimsikilize.

---

dereva_wa_elegu

Mwalimu heshima yako. Kiarabu cha Juba, usizunguke. Mimi naendesha trela Mombasa mpaka Juba. Pale mpakani, Elegu na Nimule, ukingojea makaratasi yako unakula, unalala, unaoga, unatibiwa, vyote kwa lugha hiyo. Dereva Mkenya, Msomali, Mganda, Mkongo, wote wanaipata, tena kwa akina mama wa chai.

Wewe mwenye Kiswahili umeshafika katikati. Kitabu ni *kitab*, wakati ni *wakit*, habari ni *kabar*, chai ni *shai*, sukari ni *sukar*. Halafu maneno ya kitendo hayabadiliki kichwa wala mkia, neno ni lile lile kwa mimi, wewe na wale. Jihadhari tu na machache yanayofanana na yetu kwa sauti. Mtu akikwambia anataka *moyo*, mpe maji ya kunywa.

Anza na haya: *Salam taki*, ndiyo salamu. *Ita kef?* Hujambo. *Ana kwes*, sijambo. Halafu haya ndiyo ya kukujenga: *Ana ma fahim*, sielewi. *Kelem tani, be shwesh*, sema tena, pole pole. Ukiwa na hayo mama yeyote wa Juba atakufundisha yaliyobaki bila ada. Wanapenda sana mtu anayejaribu.

Namaliza, nimefika Karuma na polisi wanasimamisha magari. Nikipita Bweyale nitawapigia honi.

---

hajati_bombo

Mwanangu mwalimu, salaam. Mimi ni Mnubi wa Bombo, nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na hili jambo lako limenigusa sana, kwa hiyo nitaandika kirefu, nivumilie.

Swali lako la pili nalijibu kwanza kwa sababu ni jepesi. Mwalimu wako ni Mnubi. Sisi wa Uganda tumetokana na wale askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria kusini mwa Sudan, waliobaki nyuma, ambao kapteni Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891 kule Kavalli, upande wa Ziwa Albert. Lugha yetu ilizaliwa kwenye kambi za askari za kusini mwa Sudan karne ya 19, watu wa makabila mbalimbali wakitafuta namna ya kusikilizana. Waliohama ndio sisi, tukabaki na Kinubi. Waliobaki kule, chao ndicho kilichokuwa Kiarabu cha Juba. Mnubi wa Bombo akikutana na mama wa Juba wanaongea, wanapishana hapa na pale, wanaendelea. Sisi tunasema *ina* kwa "sisi", wao wanasema *anina*. Sisi tunasema *aju* kwa kutaka, wao utawasikia wakisema *deru*. Hayo ni mambo madogo. Wanubi wako Arua, wako Gulu, wako Masindi hapo jirani yako. Tafuta bibi mmoja asiye na haraka, mpelekee kilo ya sukari, kaa naye jikoni.

Dereva amesema kweli kuhusu vitendo. Nikuongezee kitu kimoja kitakachokufungulia mlango wote. Ukisema *ana ruwa*, umesema nilikwenda. Ukiweka *gi* katikati, *ana gi ruwa*, ninakwenda sasa hivi. Ukiweka *bi*, *ana bi ruwa*, nitakwenda. Basi. Vivyo hivyo kwa kusoma, kula, kulia na kuumwa. Kukanusha unaweka *ma*. Mtu wa Kiswahili aliyezoea ngeli zetu zote hizi atashangaa mzigo ulivyo mwepesi. Na kwa masikio, sikiliza Redio Miraya kwenye simu unapopika au kusahihisha madaftari. Ni redio ya Umoja wa Mataifa ya Sudan Kusini, inatangaza kwa Kiingereza na kwa Kiarabu cha Juba. Mwanzoni utasikia kelele, baadaye utaanza kushika mwisho wa sentensi, halafu katikati.

Sasa hao wageni wako wa Khartoum ni habari nyingine. Kiarabu chao kinabadilika kwa mwanamume na mwanamke. Mama unamwambia *inti*, baba *inta*, na kitendo kinafuata. Watakuelewa ukija na cha Juba, ila wapo wanaokiona ni Kiarabu cha watu wasiosoma, usikichukulie hicho moyoni. Nakushauri kitu: hao wa Khartoum wengi wametoka mjini, wamesoma, wapo waliokuwa walimu na wauguzi. Jaribu Kiingereza kwanza, kwa heshima yao. Wakikukaribisha kahawa yao ya tangawizi, ile ya kumiminwa kutoka kibuyu cha udongo chenye shingo ndefu, usiikatae na usinywe kikombe kimoja ukaondoka. Ndipo mazungumzo yanapoanzia.

Swali lako la tatu ni la mtu mwenye utu. Nalijibu kama raia mwenzako wa Uganda. Wewe umekulia kambini, unajua Kiswahili chetu hapa nchini kilivyobebeshwa. Kwa watu wengi wa Buganda kilikuwa sauti ya askari mlangoni usiku. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na bado wapo wanaokikunjia uso. Lakini Kiswahili hicho hicho ndicho mama yako alichokubembelezea. Sasa Kiarabu nacho kina nyuso zaidi ya moja. Cha Khartoum kilikuja na serikali, na Sudan Kusini walipojitawala 2011 walichagua Kiingereza kiwe rasmi, wakakiacha hicho cha Khartoum. Cha Juba wamekitengeneza wenyewe, sokoni, kanisani, kisimani, na huyo Mbari anayeoa kwa Wazande ndicho anachowaambia wakwe. Hakuna aliyewalazimisha. Hata hivyo usidhani, uliza. Mwambie mtu, "Tuongee kwa lugha gani?" Akikuchagulia, hujamuumiza.

La mwisho, na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu nimelifundishwa na miaka. Usiwaite shuleni. Mzazi anayeitwa shuleni anakuja amejifunga kiuno kwa ajili ya hukumu. Wewe una meza, una kalamu, una Kiingereza ukutani. Hata ukiwa na Kiarabu kizuri, hatakwambia kitu pale. Nenda kwake. Kaa pale atakapokuonyesha ukae. Uongee vibaya, akusahihishe. Mama akishakusahihisha neno, amekuwa mwalimu na wewe umekuwa mwanafunzi, na hapo ndipo atathubutu kukuuliza kwa nini mtoto wake amepata alama zile. Nimewafundisha watoto wa Wakongo, wa Walugbara, wa Wanyarwanda waliokimbilia kwetu, na wazazi walioniuliza maswali magumu walikuwa wale waliowahi kunisahihisha.

---

mwl_yumbe

Nimesoma yote, na Hajati nimekusoma kwa heshima. Lakini naomba nipinge kidogo, kwa faida ya mwalimu.

Mimi nafundisha Bidibidi, wilaya ya Yumbe, tangu makazi yalipofunguliwa 2016. Huku kwetu Kiarabu cha Juba kinafanya kazi kwa sababu wengi wametoka Equatoria: Wabari, Wakakwa, Wapojulu, Wakuku. Yei, Kajo-Keji, Juba, wote wanacho. Kiryandongo si hivyo. Una Wanuer wengi, na mwanamke wa Kinuer aliyetoka kijijini kwenye ng'ombe kule Jonglei anaweza asijue Kiarabu cha aina yoyote. Ukimfikia nacho utakuwa umebadilisha ukuta tu, na mtoto ataitwa tena kutafsiri. Kwa hiyo kabla ya kuchagua lugha pita darasani kwako, mtoto kwa mtoto, uliza: nyumbani mama anaongea nini na jirani asiye wa kabila lake? Jibu la swali hilo ndilo la kukuamulia, si kabila la mtoto.

Pili, na hapa ndipo naona hatari. Lugha ya sokoni inampa mtu ujasiri kuliko uwezo. Kusalimia, kusifu, kueleza kwamba mtoto amepanda hesabu na ameshuka Kiingereza, sawa. Lakini yale aliyoyapata mwalimu na yule mama mwenye mchanga, ugonjwa, mtoto kuguswa vibaya, ndoa za mapema, fedha, usajili wa mtihani, hayo usiyaendeshe kwa Kiarabu cha kuokoteza. "Nilidhani nimeelewa" haitamsaidia mtoto. Tafuta mtu mzima, mwanamke kwa mambo ya wanawake, asiye jamaa wa familia na asiye mgomvi wao. Huku tuna wasaidizi wa darasani, wakimbizi wenyewe, wanaokaa na walimu wa madarasa ya chini na kutafsiri. Kama shule yako inao, huyo ndiye mshirika wako. Kama haina, PTA, chama cha wazazi na walimu, iulizwe, na mwenyekiti wa wakimbizi wa eneo lenu naye aulizwe.

Tatu, naona uchungu kusema hili lakini lisemwe. Walimu wa makazi tuna madarasa ya watoto zaidi ya mia. Tunafundisha, tunasahihisha, tunazika, tunachangisha. Mwalimu akijifunza lugha kwa mapenzi yake, Mungu ambariki. Ila isije ikawa ndiyo sababu ya wakubwa kusema "walimu wanajimudu" na mshahara wa mkalimani ukafutwa. Kujifunza kwako kuende pamoja na kudai.

---

nya_kakuma

Mimi ni mzazi, na ni Mnuer, kwa hiyo nimeona niseme. Kiswahili nilikipata kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, nilikokulia. Sasa naishi huku makazini, watoto wangu wanasoma Bweyale, labda hata kwako mwalimu.

Mwl_yumbe ana haki kuhusu akina mama wa vijijini, ila sio wote. Waliokaa Malakal, Bentiu au waliokimbilia Khartoum wakati wa vita vya zamani wanajua Kiarabu, tena wengine ni kile cha Khartoum. Wale ambao hawajui, wanajua salamu yao. Ukifika ukasema *Maale*, umeshaingia. Kwa Wadinka sema *Kudual*. Usijaribu kuendelea na Kinuer chote, ni kigumu kwa sauti zake na mtaishia kuchoka. Salamu ya mwenye nyumba kwanza, halafu Kiarabu cha Juba kwa anayekijua, halafu mtu mzima wa kutafsiri kwa mambo mazito. Hivyo ndivyo mimi ningependa kufanyiwa.

Nawaambia kwa nini nimeandika. Nilikuwa mkalimani wa mama yangu Kakuma tangu nikiwa mdogo. Foleni ya chakula, ofisi, shule, kliniki. Kuna habari za ugonjwa wa mdogo wangu nilizisikia kabla ya mama, kwa sababu daktari alimwambia mkalimani na mkalimani ni mimi. Nilisimama pale nikafikiri, nimwambie yote au nimwambie kidogo? Nilimwambia kidogo. Mama alikuja kuelewa baadaye, na hakuwahi kunilaumu, lakini mimi mpaka leo nakumbuka nilivyosimama. Mwalimu, ulipomrudisha yule binti darasani ulimfanyia jambo kubwa. Asante.

Kuna kitu kingine cha vitendo ambacho walimu wa Uganda hamkioni. Majina. Kwetu mtoto ana jina lake, halafu la baba yake, halafu la babu. Hakuna jina la ukoo la kutangulia kama kwenu. Wasichana wengi majina yao yanaanza na Nya, wavulana utakuta Gat. Mtoto akifika shuleni mwalimu anauliza "jina la dini?", mtoto anasema lolote, Mary, Peter, linaandikwa. Miaka inapita. Akifika P.7 wakati wa kumsajili UNEB, baraza la mitihani, jina la shule ni moja, jina la karatasi ya familia ya OPM, ofisi ya Waziri Mkuu, ni lingine, na tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1 kama nusu ya darasa. Hapo ndipo mama anaitwa haraka na mtoto anatafsiri tena. Ukienda nyumbani P.5 hii, omba kuona ile karatasi ya familia, nakili herufi kwa herufi, na muulize mama jina la baba wa mtoto na la babu. *Isim ta abu to munu?* Mama atafurahi kuyataja, maana kwetu mtoto akitajiwa babu zake amepewa heshima. Utakuwa umefanya kazi na umeongea naye.

Na Hajati, ile ya kuitwa shuleni ni kweli tupu. Sisi tukiitwa tunajua ni pesa au mtoto anafukuzwa.

---

mwl_bweyale

Nimewasoma mara nyingi, na nimepita darasani kama mwl_yumbe alivyoelekeza, nikauliza mtoto mmoja mmoja mama anaongea nini na jirani. Sikutegemea majibu niliyoyapata. Wanuer wengi zaidi ya nilivyodhani nyumbani wana Kiarabu cha Juba, kwa sababu majirani zao kule Ranch 37 ni Wabari na Waacholi. Ila wako wachache ambao mama hana lugha nyingine kabisa, na wote hao ni waliofika karibuni. Hao nimewaandika pembeni. Kwao sitakwenda peke yangu. Yule mama wa uji ana dada yake anayejua Kinuer, ameolewa kwa Wanuer, amekubali tutembee pamoja Jumamosi, na mwalimu mkuu amekubali alipiwe nauli ya boda kutoka kwenye fedha za PTA. Ni kidogo, lakini kimeandikwa kwenye daftari la mkutano, na mwakani nitaomba kiongezwe.

Kwa hiyo Kiarabu cha Juba ndicho. Nimempata bibi wa Kinubi Masindi kupitia shemeji yangu, nitakuwa nakwenda likizo. Redio Miraya nimeanza kuisikiliza, na kweli kwa sasa ni kelele tupu, ila *bukra* na *medresa* nimeshaanza kuvikamata.

Kuhusu majina, nya_kakuma, nimefungua rejista jioni ile ile. Kuna watoto walioandikwa jina la dini na jina la baba tu, na wawili wameandikwa jina moja la dini mara mbili. P.7 ni miaka miwili tu mbele. Hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu ya kwanza mlangoni, na nafurahi kwamba ni kazi ya kumwomba mama anifundishe kitu, si ya kumshtaki mtoto.

Nimebaki na jambo moja. Nikifika mlangoni mwa mtu bila kuitwa, najua atadhani mtoto wake ameharibu. Nataka sentensi ya kwanza kabisa baada ya salamu, kabla hata sijakaa, ya kumtoa hofu. Hajati, naisemaje? Na nikiwa natembea na yule dada mkalimani, mtoto nimfanye nini? Atakuwa nyumbani, ni Jumamosi.

---

hajati_bombo

Sema hivi: *Ana ja salimu ita bes. Mushkila mafi.* Nimekuja kukusalimia tu, hakuna tatizo. Wa Juba atakuelewa, Mnubi atakuelewa, hata wa Khartoum atakuelewa. Iseme ukiwa bado umesimama nje, usingojee kukaribishwa, maana kati ya kukuona na kukukaribisha ndipo roho inamruka. Halafu msifu mtoto kwa kitu kimoja cha kweli ulichokiona kwa macho yako. Yule wa hesabu, sema hesabu. *Jena taki kwes fi hisab.* Usimsifu kwa jumla, mama anajua sifa za jumla ni za nini.

Mtoto mpe kazi ya mbali. Mtume kisimani, au mwombe akuletee daftari lake kwa rafiki yake, chochote halali kitakachomchukua muda. Usimfukuze mbele ya mama yake, ataona ni siri dhidi yake. Akirudi, kaa naye kidogo mbele ya mama, msomee jina lake lote ulivyoliandika, la baba na la babu, mama asikie. Ukilikosea watakurekebisha wote wawili, andika upya hapo hapo.

---

dereva_wa_elegu

*Mushkila*, mwalimu, iseme taratibu, usiikimbize. Na *mafi* ishushe mwishoni, ukiipandisha itasikika kama swali, na mama ataanza kutafuta hilo tatizo.